KUTENDA NA KUTENDUA: HISTORIA YA KUZIDISHA MATRIKSI NA KUPIMA UGEUZIKAJI WAKE

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mambo mawili ambayo vitabu vya kiada huyafundisha kana kwamba yalizaliwa pamoja: kanuni ya kuzidisha matriksi, na kipimo cha kubaini iwapo matriksi ina kinyume. Hoja inayotetewa ni kwamba kipimo kilikitangulia kitu kinachopimwa. Determinanti ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 150 wakati matriksi ilipopata jina mwaka 1850, nayo kanuni ya kuzidisha ilitokana na kazi nyingine kabisa, yaani kubadilisha vigeu. Makala yanaonesha jinsi njia hizo mbili zilivyokutana mwaka 1812, jinsi ukokotoaji wa mashine ulivyodhihirisha upungufu wa kipimo hicho katika miaka ya 1940, na jinsi kazi ya Strassen ya mwaka 1969 ilivyoonesha kwamba kuzidisha na kutafuta kinyume ni kazi mbili zenye gharama ya aina moja.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania au Kenya hukutana kwanza na matriksi kama jedwali la namba lililozungushiwa mabano. Huelezwa namna ya kujumlisha majedwali mawili, jambo lisilomtatiza, kisha huelezwa namna ya kuyazidisha: safu mlalo ya jedwali la kwanza hukutanishwa na safu wima ya jedwali la pili, namba zilizokutana huzidishwa, na mazao yake hujumlishwa. Kwa nini namba isizidishwe na namba iliyo katika nafasi ileile, kama inavyofanyika katika kujumlisha? Mara nyingi swali hilo halijibiwi. Baadaye huletwa determinanti, ad − bc, pamoja na agizo kwamba ikiwa ni sifuri, matriksi haina kinyume. Kanuni ya pili huwekwa juu ya ya kwanza, na zote mbili hukaririwa.

Mpangilio huo wa ufundishaji, yaani matriksi, kuzidisha, determinanti, kisha kinyume, una mantiki yake. Hata hivyo, umeigeuza historia juu chini, na katika kuigeuza umezificha sababu. Makala haya yanairejesha historia katika mfuatano wake ili kuonesha kwamba kanuni hizo mbili zilikuwa majibu ya maswali halisi.

Dhana inayoziunganisha haiko mbali na msemaji wa Kiswahili. Sarufi ya Kiswahili ina kauli ya kutendua: funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua, ziba huzaa zibua. Aliyekunja nguo kisha akaifunga hana budi kufungua kwanza ndipo akunjue. Utaratibu wa kutendua ni kinyume cha utaratibu wa kutenda. Wala si kila tendo hutenduka. Kitenzi pika hakina kauli ya kutendua, na wali uliopikwa haurudi kuwa mchele. Matriksi ni tendo, kuzidisha ni kufuatanisha matendo, na kupima ugeuzikaji ni kuuliza kama tendo hilo laweza kutenduliwa.

2.0 Kamba za Kisima: Kipimo Kisicho na Jina

Kitabu cha Kichina Jiuzhang Suanshu, yaani Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, kilikusanywa katika enzi ya Han, na mwaka 263 kiliandikiwa ufafanuzi na Liu Hui. Sura yake ya nane, Fangcheng, ina maswali 18 kuhusu mifumo ya milinganyo. Namba ziliwakilishwa kwa vijiti vilivyopangwa juu ya ubao, kila sharti likiwa safu wima moja. Mkokotoaji alizidisha safu moja na kuitoa katika nyingine hadi namba zikaondoka moja baada ya moja. Njia hiyo ndiyo ambayo baadaye Ulaya iliihusisha na jina la Gauss.

Swali la 13 la sura hiyo linahusu kaya tano zinazotumia kisima kimoja. Kamba mbili za kaya ya kwanza zinapungukiwa kufika majini kwa urefu wa kamba moja ya kaya ya pili. Kamba tatu za kaya ya pili zinapungukiwa kwa kamba moja ya kaya ya tatu. Nne za kaya ya tatu kwa moja ya kaya ya nne. Tano za kaya ya nne kwa moja ya kaya ya tano. Na sita za kaya ya tano kwa moja ya kaya ya kwanza. Kinachotakiwa ni kina cha kisima na urefu wa kila kamba.

Visivyojulikana ni sita na masharti ni matano, kwa hiyo jibu si moja. Kitabu kinatoa kina cha cun 721, na kamba za urefu wa cun 265, 191, 148, 129 na 76. Liu Hui alitambua kwamba namba hizo zinaeleza uwiano tu. Kisima chenye kina maradufu kingekubali kamba zenye urefu maradufu.

Namba 721 haikutokea kwa bahati. Ni sawa na 2 × 3 × 4 × 5 × 6 + 1, na hiyo ndiyo determinanti ya jedwali la vizigeu vya kamba hizo tano, yaani namba zinazozidishwa na visivyojulikana. Kina cha kisima kikichukuliwa kuwa sawa na determinanti, sehemu zote huondoka na majibu hubaki namba kamili. Hili halimaanishi kwamba waandishi wa kitabu hicho walikuwa na dhana ya determinanti kama inavyoeleweka leo. Hawakuipa jina wala hawakuitenga na swali la kisima. Linalothibitika ni kwamba, popote mfumo wa milinganyo unapotatuliwa kwa ukamilifu, namba hiyo hujitokeza katika hesabu, iwe imetafutwa au haikutafutwa.

3.0 Determinanti Kabla ya Matriksi, 1683–1812

Determinanti ilitengwa na kuchunguzwa yenyewe karibu wakati mmoja katika sehemu mbili za dunia ambazo hazikuwasiliana. Nchini Japani, Seki Takakazu aliieleza mwaka 1683 alipokuwa akishughulikia namna ya kuondoa visivyojulikana katika milinganyo. Huko Ulaya, Leibniz alimwandikia l'Hôpital mwaka 1693 kuhusu milinganyo mitatu yenye visivyojulikana viwili. Badala ya kutumia herufi, Leibniz aliviandika vizigeu kwa jozi za tarakimu, tarakimu ya kwanza ikionesha mlinganyo na ya pili ikionesha kisichojulikana. Alitaja sharti linalopaswa kutimizwa ili milinganyo hiyo mitatu ikubaliane. Barua hiyo haikuchapishwa hadi katikati ya karne ya 19, na kwa sababu hiyo waliofuata walilazimika kuanza upya.

Aliyeieneza kanuni hiyo ni Gabriel Cramer, katika kitabu chake cha mwaka 1750 kuhusu mistari pinde ya kialjebra. Kwa mujibu wa kanuni ya Cramer, kila kisichojulikana hupatikana kama sehemu, na asili ya sehemu zote ni namba moja inayotokana na vizigeu peke yake. Katika mfumo wenye visivyojulikana viwili, asili hiyo ni ad − bc. Hapa ndipo kipimo kilipopata maana yake: asili ikiwa sifuri, kugawanya hakuwezekani, na mfumo hauna jibu la pekee. Ama milinganyo inapingana, ama mmoja unarudia yaliyokwisha kusemwa na mingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hapakuwa na matriksi katika hoja hiyo. Palikuwa na milinganyo, na palikuwa na namba moja iliyokokotolewa kutokana na vizigeu vyake. Jedwali lenyewe halikuwa kitu cha kujumlishwa wala kuzidishwa. Lilikuwa mahali pa kusomea namba. Neno determinanti lilitumiwa na Gauss mwaka 1801 katika Disquisitiones Arithmeticae, lakini yeye alimaanisha b² − ac katika mitajo ya aina ya ax² + 2bxy + cy². Cauchy ndiye aliyelichukua neno hilo mwaka 1812 na kulipa maana linalobeba mpaka leo.

4.0 Kanuni ya Kuzidisha: Badiliko Juu ya Badiliko

Kitabu hichohicho cha Gauss ndicho chimbuko la njia ya pili. Katika kuchunguza mitajo ya kipeo cha pili, Gauss alibadilisha vigeu vya zamani kwa vipya, kisha vipya kwa vipya zaidi, akahitaji kujua badiliko moja linalolingana na mabadiliko mawili yaliyofuatana. Mfano mdogo unatosha kuonesha kazi hiyo. Tuseme kwamba:

x₁ = 2y₁ + 3y₂ na x₂ = y₁ + 4y₂;

na kwamba y nazo zinatokana na z:

y₁ = 5z₁ + z₂ na y₂ = 2z₁ + 6z₂.

Ikiwekwa thamani ya y katika milinganyo ya kwanza, hupatikana:

x₁ = 16z₁ + 20z₂ na x₂ = 13z₁ + 25z₂.

Namba 16 imetokana na 2 × 5 + 3 × 2, yaani safu mlalo ya kwanza ya badiliko la kwanza ikikutana na safu wima ya kwanza ya badiliko la pili. Hiyo ndiyo kanuni ya kuzidisha matriksi, na haikubuniwa na mtu yeyote kwa hiari yake; imelazimishwa na kazi ya kuweka kitu mahali pa kingine. Utaratibu wa mabadiliko ukigeuzwa, matokeo huwa 11, 19, 10 na 30. Kwa hiyo, zao la matriksi hutegemea ipi imetangulia. Katika miaka ya 1840, Eisenstein aliyaandika mabadiliko ya namna hiyo kwa herufi mojamoja, akaonesha kwamba yanaweza kuzidishwa kama namba iwapo mfuatano wake utaheshimiwa.

Njia mbili zilikutana tarehe 30 Novemba 1812, siku ambayo Binet na Cauchy, kila mmoja kwa kazi yake, waliwasilisha kanuni ya zao: determinanti ya mabadiliko mawili yaliyofuatanishwa ni sawa na zao la determinanti zake. Katika mfano uliotolewa hapo juu, determinanti ya badiliko la kwanza ni 5 na ya pili ni 28. Determinanti ya zao lao ni 16 × 25 − 20 × 13, yaani 140, ambayo ni 5 × 28. Matokeo ya utaratibu uliogeuzwa yana determinanti hiyohiyo, kwani 11 × 30 − 19 × 10 ni 140 pia.

Kanuni hii ndiyo inayotoa sababu ya kipimo. Tendo likifuatwa na kinyume chake, hakuna kinachobadilika, na determinanti ya kutobadilika ni 1. Hivyo, determinanti ya tendo ikizidishwa na determinanti ya kinyume chake lazima izae 1. Sifuri haina namba inayoweza kuzidishwa nayo ikazaa 1. Basi tendo lenye determinanti ya sifuri halitenduki. Kwa upande wa pili, determinanti isipokuwa sifuri, kanuni ya Cramer hutoa kinyume chenyewe. Kipimo kimekamilika pande zote mbili, na bado neno matriksi lilikuwa halijatamkwa.

5.0 Jina na Aljebra, 1850–1879

Jina lilitolewa na James Joseph Sylvester mwaka 1850. Alihitaji neno la kutaja mpangilio wa namba usio lazima uwe mraba, ambao kutoka kwake determinanti nyingi zinaweza kuundwa kwa kuchagua safu mbalimbali. Akachagua neno la Kilatini lenye maana ya tumbo la uzazi. Uteuzi huo ni ushahidi wa kihistoria wenye uzito, kwa kuwa unaonesha kwamba Sylvester aliitazama matriksi kwa jicho la determinanti zinazozaliwa nayo. Kama ilivyo desturi ya mama kuitwa kwa jina la mwanawe, matriksi ilijulikana kupitia watoto waliokwisha kujulikana kabla yake.

Arthur Cayley, rafiki wa Sylvester ambaye wakati huo alikuwa mwanasheria jijini London, ndiye aliyeifanya matriksi kuwa kitu kinachojitegemea. Katika makala yake ya mwaka 1858 alifafanua kujumlisha, kuzidisha, matriksi ya sifuri, matriksi ya kutobadilika, na kinyume. Alieleza kwamba dhana ya kinyume huanguka kabisa determinanti inapokuwa sifuri. Aliongeza pia kwamba zao la matriksi mbili laweza kuwa sifuri ingawa hakuna iliyo sifuri kati yake, mradi moja au zote mbili ziwe na upungufu huo.

Mchango wa Cayley haukuwa kugundua kipimo wala kanuni ya kuzidisha, kwani vyote viwili alivirithi. Mchango wake ulikuwa kuvihamisha kutoka kwenye milinganyo na kuviweka juu ya jedwali lenyewe. Makala hayo pia yana pengo linalojulikana. Cayley alidai kwamba kila matriksi ya mraba hutosheleza mlinganyo unaotokana na determinanti yake, akaonesha hesabu ya matriksi za 2 kwa 2, akasema amehakiki za 3 kwa 3, na hakuona haja ya uthibitisho wa jumla. Frobenius alitoa uthibitisho huo mwaka 1878. Mwaka uliofuata aliingiza dhana ya cheo cha matriksi, inayoeleza jambo ambalo determinanti haiwezi kulieleza: tendo lisilotenduka limepoteza kiasi gani.

Jina jipya halikupokewa na wote. Charles Dodgson, mwanahisabati wa Oxford ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa jina la Lewis Carroll kutokana na Elisi katika Nchi ya Ajabu, alichapisha kitabu kuhusu determinanti mwaka 1867. Alilikataa neno matriksi kwa hoja kwamba linataja kalibu ya kumiminia namba wala si mkusanyiko wa namba zenyewe, akapendekeza neno lenye maana ya bonge. Pendekezo lake halikufuatwa, lakini linaonesha kwamba miaka tisa baada ya Cayley bado iliwezekana kuandika kitabu kizima kuhusu kipimo bila kuikubali aljebra ya kinachopimwa.

6.0 Kipimo Sahihi Kisichotosha, 1943–1948

Kwa namba kamili zisizokadiriwa, kipimo cha determinanti hakina dosari. Matatizo yalianza pale mifumo mikubwa ilipohitaji kukokotolewa kwa mashine zinazobeba tarakimu chache. Tatizo la kwanza ni gharama. Determinanti ya matriksi ya 18 kwa 18, ikifunguliwa neno kwa neno, ina mazao 6,402,373,705,728,000. Njia ya kuondoa visivyojulikana, ileile ya vijiti vya Wachina, huhitaji takriban mizidisho elfu mbili tu.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1943 Hotelling alikadiria kwamba katika njia ya kuondoa, makosa ya kukadiria desimali yanaweza kukua mara nne kwa kila kisichojulikana kinachoongezwa. Kama hali ingekuwa hivyo daima, mifumo mikubwa isingetatulika kwa njia hiyo. Mwaka 1946, katika Maabara ya Taifa ya Fizikia nchini Uingereza, Fox, Goodwin, Turing na Wilkinson walitatua mfumo wa milinganyo 18 kwa mashine za mezani. Majibu yaliporudishwa katika milinganyo ya awali, yalilingana nayo kwa usahihi uliowashangaza. Mwaka 1947 von Neumann na Goldstine walichapisha uchambuzi wa makosa katika kutafuta kinyume cha matriksi kubwa, na mwaka 1948 Turing alichapisha uchambuzi wake, ambamo aliingiza namba ya hali, yaani kipimo cha jinsi kosa dogo katika data linavyoweza kukuzwa katika jibu.

Namba ya hali ilidhihirisha kwamba swali la zamani lilikuwa limeulizwa kwa ufinyu. Mifano miwili inatosha. Matriksi ya 400 kwa 400 yenye 0.1 katika ulalo wake na sifuri kwingine kote ina kinyume kilicho wazi, yaani 10 katika kila nafasi ya ulalo. Lakini determinanti yake ni 10⁻⁴⁰⁰, namba ndogo kuliko zote ambazo kompyuta huziwakilisha katika mfumo wa kawaida wa desimali wa biti 64. Mashine huandika sifuri, na tendo linalotenduka huhukumiwa kuwa halitenduki. Kinyume chake, chukua matriksi ya 32 kwa 32 yenye 1 katika ulalo, −1 katika nafasi zote za juu yake, na sifuri chini yake. Determinanti yake ni 1 kamili. Hata hivyo, sifuri ya pembe ya chini kushoto ikibadilishwa kuwa −1/2³⁰, badiliko lisilofikia sehemu moja ya bilioni, determinanti huwa sifuri. Kipimo kilichosema ndiyo au hapana kilibidi kisaidiwe na kipimo kinachosema ni kwa umbali gani.

7.0 Gharama Moja kwa Kazi Mbili, 1969

Hadi miaka ya 1960 ilidhaniwa kwamba kuzidisha matriksi mbili za 2 kwa 2 kunahitaji mizidisho minane, na kwamba njia ya kuondoa haiwezi kupitwa. Mwaka 1969 Volker Strassen alichapisha makala mafupi yenye kichwa kilichotangaza kwamba njia ya Gauss si bora kuliko zote. Alionesha kwamba mizidisho saba inatosha. Kwa kuwa matriksi kubwa inaweza kukatwa vipande vinne, na kila kipande kukatwa tena, akiba hiyo hujirudia. Kwa matriksi za 1,024 kwa 1,024, njia ya kawaida inahitaji mizidisho 1,073,741,824. Njia ya Strassen ikifuatwa hadi mwisho inahitaji 282,475,249. Mwaka 1971 Winograd alithibitisha kwamba kwa matriksi za 2 kwa 2 saba haiwezi kupunguzwa.

Kwa historia inayochunguzwa hapa, sehemu ya pili ya makala ya Strassen ndiyo yenye uzito zaidi: kinyume na determinanti vinaweza kupatikana kwa gharama ya kiwango kilekile cha kuzidisha. Strassen alichukulia kwamba vipande vinavyohitajika njiani vina kinyume. Bunch na Hopcroft waliliondoa sharti hilo mwaka 1974. Upande wa pili wa usawa huo ni rahisi kuthibitisha. Panga matriksi kubwa yenye vipande tisa: matriksi za kutobadilika katika ulalo, A na B juu yake, na sifuri kwingine. Kinyume chake kina zao la AB katika pembe ya juu kulia. Anayejua kutendua kwa haraka, basi, anajua pia kuzidisha kwa haraka. Kipeo cha gharama, kilichokuwa 3 kisha takriban 2.81 kwa Strassen, leo kimeshushwa chini ya 2.372, na kila kinaposhuka hushuka kwa kazi zote mbili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kipimo cha ugeuzikaji kilizaliwa kutokana na milinganyo, na kanuni ya kuzidisha kutokana na mabadiliko ya vigeu. Kwamba vilikutana mwaka 1812 katika kanuni ya zao. Na kwamba matriksi yenyewe ilikuja baadaye kuvipa makao. Karne ya 20 haikuuvunja muungano huo. Kwanza iliuwekea mipaka, kwa kuonesha kwamba determinanti peke yake haitoshi pale namba zinapokadiriwa. Kisha ikauimarisha, kwa kuthibitisha kwamba kutenda na kutendua vina gharama moja.

Matokeo haya yanagusa ufundishaji. Mwanafunzi anayeanza kwa kuweka z mahali pa y huiona kanuni ya kuzidisha ikijitokeza mbele yake, wala hana haja ya kuikariri. Akionyeshwa kanuni ya zao kabla ya kupewa agizo kuhusu sifuri, ataweza kueleza mwenyewe kwa nini tendo lenye determinanti ya sifuri halitenduki. Aidha, walimu wanaofundisha kwa Kiswahili wana nyenzo ambayo haijatumika vya kutosha: kauli ya kutendua imekwisha kumfundisha msemaji wa lugha hii kwamba baadhi ya matendo yana kinyume na mengine hayana, na kwamba kilichofungwa mwisho hufunguliwa kwanza.